Kabureta ya Gari la Zamani: Chagua Itakayokurudisha Nyumbani

Gari langu ni Peugeot 504 pikapu, injini ya petroli ya cc 1796, na kazi yake ni kubeba mayai. Jumatatu na Alhamisi napakia trei nyumbani Lanet, nagawa Nakuru mjini, kisha naendelea Njoro na Molo. Mara moja kwa mwezi nateremka hadi Kisumu kwa dada yangu mwenye duka Kondele. Trei moja ni mayai 30. Gari likishtuka unapoachilia klachi, trei za juu huzikalia za chini, na hasara yako unaisikia kabla hujafungua turubai. Kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, nimejifunzia hapo, kwenye hesabu ya mayai yaliyopasuka.

Pikapu aliniachia marehemu mume wangu, pamoja na gunia lenye kabureta tatu, zote mbovu. Sasa nikisimama kituo cha petroli hakukosi mtu wa kuniuliza, "Mama, umeweka kabureta gani humo?" Wanauliza wenye Datsun 1200, wenye Corolla KE70, wenye Beetle, hata kijana mmoja wa Land Rover Series III. Wote wanataka jina moja la kwenda nalo dukani. Jina nitalitaja, lakini likitangulia utapoteza pesa kama nilivyopoteza mimi.

Hakikisha kwanza mkosaji ni nani

Mwaka wa kwanza gari lilianza kumisi kwenye mlima wa Sachangwan. Likifika gia ya tatu linakohoa, linashika, linakohoa tena. Fundi niliyempelekea hakufungua hata boneti. Alisikiliza, akajifuta mikono, akasema, "Mama, kabureta imekufa. Hiyo ni kununua mpya." Nikaenda dukani, nikauziwa mpya ndani ya boksi lake, inang'aa kama sufuria ya harusi. Ikafungwa. Nikarudi Sachangwan na gari likakohoa palepale.

Aliyenitoa kwenye giza ni mzee mmoja fundi wa Kibuye, Kisumu. Watu humwita jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, nami namwita hivyohivyo. Aliniuliza swali moja tu: "Nyar Nakuru (binti wa Nakuru), kondensa umebadilisha lini?" Sikujua kondensa ni nini. Akatoa kidude kisichozidi kidole gumba kando ya distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi, akaweka kingine, na kukohoa kukaisha. Bei ya kidude hicho haikufika hata nauli ya kunirudisha Nakuru.

Kwa hiyo kabla ya kabureta, angalia moto. Pointi za distribyuta ziwe safi na nafasi yake iwe karibu milimita 0.4, au kama kitabu cha gari lako kinavyosema. Badilisha kondensa. Tazama waya za plagi usiku, boneti ikiwa wazi na injini inanguruma. Zikivuja moto utaona cheche za buluu zikicheza. Kisha angalia petroli inafika: chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uuelekeze ndani ya chupa, mwenzako apige stata. Petroli itoke kwa mapigo yenye nguvu. Ikidondoka kama machozi, tatizo liko kwenye pampu, filta, au taka ndani ya tangi, na kabureta ya dhahabu haitakusaidia. Chupa iwe mbali na waya za plagi. Nimeona kibanda kikiungua kwa kupuuza hilo.

Halafu kuna hewa ya wizi, hewa inayoingia kwenye injini bila kupitia mlango wa kabureta: gasketi iliyopasuka, mpira wa breki uliochanika, au manifoldi (mabomba ya kupeleka hewa kwenye silinda) iliyolegea. Dalili yake ni injini kukosa sailensi, yaani mngurumo wa taratibu uliotulia: ukisimama, mlio unapanda na kushuka kama mtu anayelala vibaya. Mimi hutumia kile kichupa cha kunyunyizia maji wakati wa kupiga pasi. Injini ikiwa inanguruma taratibu, nanyunyiza kidogo kwenye kila kiungo. Mahali ambapo maji yakifika mlio unabadilika, hapo ndipo mwizi alipo.

Ya zamani kwanza

Mambo hayo yote yakiwa sawa na gari bado linasumbua, usikimbilie dukani. Kabureta iliyokuja na gari ilipangiwa injini hiyo: jeti zake (vitundu vya kupimia petroli), koo lake la kupitishia hewa, hata mkono wa waya wa ekseleta. Ikitengenezeka, itakupa raha kuliko yoyote utakayoiunganisha kwa vyuma vya kuchomelea. Swali ni kama inatengenezeka, na hilo unaweza kulijua mwenyewe mezani kwa nusu saa. Vipimo hivihivi ndivyo utakavyotumia ukienda kununua ya mitumba Grogan au Kirinyaga Road kule Nairobi, kwa hiyo visome polepole.

Anza na shafti ya kipepeo. Kipepeo ni kile kibati cha duara kinachofungua na kufunga njia ya hewa chini ya kabureta, nacho kimepigwa skrubu kwenye shafti nyembamba inayopita kutoka upande huu hadi ule. Shika ncha ya shafti kwa vidole viwili ujaribu kuitikisa juu na chini, si kuizungusha. Ikicheza hata kidogo unachoweza kukihisi, hewa inapita hapo, na sailensi hutaipata hata ukeshe na bisibisi. Huu ndio ugonjwa unaoua kabureta nyingi za miaka mingi. Watu hawauoni kwa sababu wanatazama juu, kwenye jeti, huku shimo likiwa chini. Fundi wa leithi, mashine ya kuchonga vyuma, anayejua kazi anaweza kupanua tundu na kutia bushi za shaba. Kabureta ya kwanza kwenye lile gunia ilipona hivyo, ikanibebea mayai miaka minne.

Kisha floti. Floti ni boya dogo ndani ya bakuli la petroli, sawa kabisa na lile la tangi la choo: petroli ikipanda, nalo linapanda na kusukuma sindano kuziba mlango. Floti ya shaba ikitoboka hunywa petroli, inazama, sindano haizibi, na petroli inafurika kwenye injini. Itikise karibu na sikio. Ukisikia kitu kikichezacheza ndani, imekunywa. Lakini kitundu kinaweza kuwa kidogo kiasi cha floti kuwa kavu siku unayoitazama. Jaduong' alinionyesha njia yake. Alichemsha maji kwenye sufuria ya chai, akaepua, akaizamisha floti kwa koleo. Tukainama wote wawili. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha, kwenye mshono wa solda, kikatoka kiputo kimoja kama kichwa cha pini, kikafuatwa na kingine, na kingine, kwa mstari mwembamba kama ushanga. Hewa ya ndani ilikuwa imepata moto, imetanuka, inatafuta pa kutokea. Akaweka alama kwa msumari, akaiacha ikauke kabisa mpaka isibaki hata harufu ya petroli ndani, ndipo akaigusa kwa solda kidogo sana. Solda ikizidi, floti inakuwa nzito na kiwango cha petroli kinapanda, umetoka kwenye shimo hili ukaingia lile.

Tazama ncha ya sindano pia. Ikiwa na mkwaruzo wa duara kama pete, imekula, tupa. Tazama skrubu ya mchanganyiko, ile yenye ncha kali: fundi mwenye hasira huikaza mpaka mwisho, na ncha inaachwa na alama ya mkanda. Ukikuta alama hiyo, ujue kabureta imepita mikononi mwa mtu asiyejua, na ukague mengine kwa jicho la mashaka.

Weka kitako cha kabureta juu ya kipande cha kioo cha dirisha. Kikiyumba, kimepinda. Hutokana na kukaza nati kupita kiasi, na si kifo: bandika msasa laini juu ya kioo na ukisugue kwa kuchora umbo la namba 8 mpaka kitulie. Zenith 36IV, iliyofungwa kwenye Land Rover nyingi za Series, inajulikana kwa ugonjwa huu sehemu ya juu, na yule kijana wa Land Rover tulimtibia hivyo bila kununua kitu ila gasketi na msasa.

Mwisho, tia petroli kidogo kwenye bakuli, uchungulie kooni na upige mkono wa ekseleta mara moja kwa nguvu. Unatakiwa uone mchirizi ukiruka papo hapo, mwembamba na imara. Hiyo ni kazi ya ekseleta pampu, ambayo ndani yake mara nyingi ni kijipande cha mpira kinachoitwa daiframu. Mchirizi ukichelewa au ukitoka kama mate, gari lako litajikwaa kila unapotoka kwenye mzunguko wa barabara. Kwangu hilo lina bei inayojulikana: trei mbili.

Daiframu, sindano na gasketi huuzwa pamoja kama kifurushi cha ukarabati. Na hapa ndipo kipimo changu kikuu cha kabureta ya kuaminika kinapokaa. Kabla hujaipenda kabureta yoyote, uliza kama kifurushi chake kinapatikana Nakuru au Kisumu, au kinaletwa kutoka Nairobi kwa basi la usiku. Uliza pia kama fundi wa kando ya barabara pale Kapsoit ameshawahi kuifungua ya aina hiyo. Nguvu na sifa za karatasini zinakuja baadaye. Kabureta bora duniani ambayo daiframu yake inaagizwa Ulaya na kungojwa wiki tatu, kwangu ni pambo la kabati.

Ikiwa lazima ununue

Kuna siku bodi inakuwa imeisha: tundu za shafti zimepanuliwa mara mbili, nyuzi za skrubu zimekufa, alumini imeliwa na maji yaliyolala ndani. Hapo nunua, lakini jua unanunua nini.

Mwenye Beetle ya 1600 asihangaike: Solex 34 PICT-3 ndiyo yake, na inajulikana na kila fundi wa Beetle. Ukiitumia na distribyuta ya Bosch 009 isiyo na vakyumu (mvuto wa hewa ya injini unaorekebisha wakati wa moto), tegemea kujikwaa unapokanyaga, na usiilaumu kabureta. Irudishie distribyuta ya vakyumu. Mwenye Datsun 1200 abaki na Hitachi, mwenye Corolla ya injini za K abaki na Aisin. Zote zina makoo mawili na ni za uungwana. Mwenye Mini au Morris Minor ana SU, ambayo ni kiumbe tofauti kabisa: haina msururu wa jeti, ina pistoni inayopanda na kushuka na sindano moja ndefu. Asiibadilishe. Aongeze tu mafuta membamba, SAE 20, kwenye kile kichupa cha juu, maana kikikauka gari hukwama unapokanyaga, na watu hununua kabureta nzima kwa kukosa kijiko cha oili.

Wengine wote, mimi nikiwemo, huishia Weber 32/36. Hilo ndilo jina nililoahidi. Kampuni yenyewe ilianzia Bologna, Italia, mwaka 1923; za siku hizi zinatengenezwa Hispania. Zile namba mbili ni kipenyo cha makoo yake kwa milimita: la kwanza 32, la pili 36. Koo la kwanza linafanya kazi peke yake unapoendesha kwa adabu, na la pili linafunguka pale tu unapokanyaga kwa kweli, kupandisha mlima au kupita lori. Kwa mtu wa kila siku mpango huo unafaa mno: mjini unakunywa kwa koo dogo, Sachangwan una akiba. Kabla ya Weber, Solex ya koo moja ikiwa mbovu ilinipa kilomita saba kwa lita. Sasa napata kumi nikiwa na mzigo, tena bila kubembeleza.

Herufi zinazofuata namba zina maana. DGV ina choki, kile kibati cha kusaidia kuwasha gari likiwa baridi, ya kuvuta kwa waya, DGAV choki ya maji ya moto, DGEV choki ya umeme. Nunua ya waya. Asubuhi za Molo zina baridi ya kutetemesha meno, na choki ya mkono unaijua imefunga au imefungua kwa sababu wewe mwenyewe umeivuta. Kuna pia DFV, ambayo ni DGV iliyogeuzwa kama kwenye kioo, mkono wa ekseleta ukiwa upande wa pili. Chukua picha ya injini yako uende nayo dukani. Nusura nilipe ya upande usio wangu.

Kwenye 504 haikai moja kwa moja. Inahitaji bamba la kuunganishia, nami nilichongewa na fundi wa leithi Nakuru kutoka kwa alumini nene. Mwambie alainishe kingo za ndani, maana ngazi ndogo ya chuma kwenye njia ya hewa hufanya petroli ijikusanye hapo badala ya kwenda kwenye silinda.

Na ukubwa? Binamu yangu alifunga Weber 40 DCOE, zile za kulala ubavu, mbili kwa pamoja, kwenye Datsun yake. Mlio wake, nakiri, ulisisimua. Lakini koo likiwa pana kuliko haja ya injini, hewa inapita polepole, na hewa ya polepole haiwezi kunyanyua petroli na kuipasua kuwa ukungu. Inaibeba kama matone. Kwenye mbio, injini ikiwa juu muda wote, hilo halionekani. Kwenye foleni ya Kenyatta Avenue linaonekana, linasikika na linanuka. Aliziuza kabla ya mwaka kwisha.

Kuhusu kopi. Ile kabureta yangu ya kwanza inayong'aa ilikuwa kopi, na sisemi kila kopi haifai, ila yangu nilipoifungua nilikuta jeti zilizoandikwa namba moja lakini matundu hayafanani ukizishika kwenye mwanga, na ndani ya njia za petroli kulikuwa na unga wa chuma uliobaki kiwandani. Maandishi juu ya bodi hayakuhakikishii kitu, kwa kuwa anayeiga bodi haishindwi kuiga maandishi. Tazama kazi: mishono ya alumini iwe laini, kipepeo kikifungwa usione mwanga upande wowote, shafti izunguke bila kukwaruza. Mimi kati ya kopi mpya na ya asili ya mitumba iliyopita vile vipimo vya mezani, nachukua ya mitumba.

Nakuru si Mombasa

Sehemu hii mafundi wengi huiruka, na ndiyo iliyonifunza zaidi. Nakuru iko karibu mita 1850 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha sehemu moja ya sita. Kabureta haijui hilo: inapima ukubwa wa upepo unaopita, wala haijui upepo huo una uzito gani. Matokeo yake inatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na mchanganyiko unakuwa mzito. Plagi zinakuwa nyeusi kama chungu, gari linakula mafuta na kunuka, na fundi anasema kabureta mbovu.

Jeti hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo jeti ya 140 ina tundu la milimita 1.40. Weber nyingi za 32/36 huja na jeti kuu za karibu hapo. Mchanganyiko hauwi mzito kwa sehemu ya sita yote, ni kama nusu ya hiyo, na tundu likipungua kipenyo kidogo eneo lake linapungua maradufu. Hesabu ikiisha, kwa Nakuru 140 inakuwa kati ya 132 na 135. Mimi nimefunga 135. Anayeishi Kisumu, mita 1130 hivi, 137 inamtosha. Anayeishi Timboroa, zaidi ya mita 2700, ashuke hadi 130.

Sasa mimi ninaishi Nakuru, napanda Mau Summit, kisha nateremka Kericho, Awasi, Ahero mpaka ziwani. Safari moja yenye hewa za aina tatu. Kishawishi ni kufunga jeti ndogo kabisa ili mlimani gari lipumue. Usifanye. Ukifika chini hewa inakuwa nzito, mchanganyiko unakuwa mwepesi, na mchanganyiko mwepesi kwenye joto la Ahero huku umebeba mzigo unachoma vali. Mzito unakula mfuko, mwepesi unakula injini. Chagua jeti ya mahali unapolala, na ukikosea ukosee kwa upande wa mzito.

Ukishafunga, plagi zitakwambia. Endesha kwa kasi ya kawaida kilomita kadhaa, kisha mahali salama kanyaga klachi, zima injini papo hapo, usiiache ingurume kwanza, uchomoe plagi moja. Rangi nzuri ni kahawia kama mahamri yaliyoiva. Masizi makavu meusi, punguza. Nyeupe kama chokaa, ongeza, na usiendelee na safari ndefu kabla hujaongeza. Nilifanya hivyo Lanet, nikafanya Mau Summit huku nimevaa koti, nikafanya Ahero huku jasho linanidondokea kwenye spana. Mau Summit zilikuwa nyeusi kidogo, Ahero mahamri hasa. Nikaacha hivyo.

Jeti usizichokonoe kwa waya. Shaba ni laini, na mkwaruzo mmoja unageuza 135 kuwa kitu kisicho na namba. Pulizia kwa kompresa, basi.

Mambo ya kumalizia kufunga

Pampu. Kabureta hizi zinataka msukumo mdogo, karibu psi 3. Fundi mmoja alitaka kunifungia pampu ya umeme iliyotoka kwenye gari la injekshen, ati ni yenye nguvu na haichoki. Nguvu ndiyo tatizo lenyewe: hizo husukuma kwa psi 40 hivi na zaidi, na hakuna sindano ya floti inayoweza kuzuia hilo. Petroli itamwagika juu ya injini ya moto. Pampu ya asili ya kusukumwa na injini ikiwa nzima, iache.

Joto. Datsun ya binamu yangu, yenye kabureta juu kabisa ya manifoldi ya moshi, ilizimika Ahero tuliposimama kununua mchele, ikakataa kuwaka. Petroli ilikuwa inachemka bakulini. Tulifungua boneti, tukala ndizi, ikawaka yenyewe kama haikugomba na mtu. Dawa ya kudumu ni kile kipande cheusi cha bakelaiti kinachokaa kati ya kabureta na manifoldi kuzuia joto. Mafundi hukitoa na kukitupa wakidhani ni cha kujazia nafasi. Kidai kirudi.

Vumbi. Chujio la hewa lisiwe la urembo. Kile kisahani cha kromu chenye sifongo kinachouzwa pamoja na Weber hakiwezi vumbi jeupe la Bonde la Ufa. Linapita na kusaga shafti na silinda pamoja. Nimetengenezewa bomba la kuunganisha chujio langu la zamani la Peugeot. Ni baya kulitazama, lakini ndani ya koo la kabureta pasafi.

Waya wa ekseleta uwekee springi mbili za kurudisha, si moja. Moja iliwahi kunikatikia nikiteremka Kericho, injini ikabaki inalia kwa sauti ya juu huku majani chai yakinipita pande zote mbili. Nilizima ufunguo hatua moja tu ili usukani usijifunge, nikasimamia breki. Tangu siku hiyo, mbili.

Kwenye dashibodi nabeba sindano ya floti, daiframu moja, filta mbili za petroli, bisibisi fupi na kile kichupa cha maji. Jeti za 140 zilizotoka siku ile nimezifunga kwenye karatasi ya dawa nikaandika juu yake kwa kalamu: kuna mtu wa Mombasa anaipigia hesabu pikapu hii, na nikikubali bei yake, kule chini atazihitaji.